Vilima vya Barabara ya Zamani

Tumetoka Chake jua halijaota meno,
mimi na wifi yangu Mize, baiskeli mbili.
Yake mpya, ya kijani, ina gea ishirini na moja
na anayoijua ni moja.
Yangu ni ile ile ya kazi,
iliyoandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe WIZARA YA AFYA.
Wizara imeshafutika. Imebaki YA AFYA.
Mize anasema ndivyo, safari yenyewe ni ya afya.

Kwenye karia nimefunga mkate wa ufuta na chupa ya chai.
Hapo zamani pakikaa mkoba:
mkasi, pamba, uzi wa kufungia kitovu.
Miaka thelathini na mmoja nimeipita njia hii
na sikuwahi kuiona.
Mlima ulikuwa mapaja yanayowaka,
mteremko ulikuwa kumuomba Mungu breki zishike.
Mtoto hangoji. Hana habari
kwamba kabla ya Ziwani kuna vilima saba
na cha nne hakina huruma.

Leo ni vile vile saba, havikupunguzwa hata kimoja.
Tukifika mguuni pa mlima tunashuka,
tunazikokota, tunasengenya,
tukichoka kusengenya tunanyamaza,
na hapo ndipo ninaposikia spoki zinavyoongea.

Kumbe kuna bonde la mpunga huku chini!
Kumbe mikarafuu ina wekundu kwenye majani machanga,
na mchumaji akiwa kileleni humuoni,
unaona tawi tu linatikisika peke yake
kama linalocheka.
Kando ya lami majamvi yameanikwa,
kijana anazipindua karafuu kwa nyayo, polepole, kama anayecheza.
"Ukikanyaga umenunua!" anamwambia Mize,
ambaye usukani wake una akili yake.

Kwenye kilima cha pili bodaboda inatupita, inarudi.
"Bibi, nikusukume?"
Namtazama paji la uso. Shaame, wa kina Mbarouk.
"Pita, baba. Wewe ulizaliwa umetanguliza miguu,
na tokea siku ile una haraka."

Kwenye cha tatu mwanamke anatoka mbio, mchi mkononi:
"Nani tena? Nani ana uchungu?"
"Hapana mtu. Natembea tu."
"Unatembea?"
Ananiangalia kama aliyesikia ngoma ya harusi
na hakumuona bibi harusi.
Kisha anaingia ndani, anatoka na shokishoki kwenye kanga.
"Haya, tembeeni. Lakini unatembea unakwenda wapi?"

Cha nne.
Hapa, usiku wa masika, mnyororo ulikatika.
Nilipanda kwa miguu, matope magotini, tochi imelowa.
Nilifika kumekucha,
nilifika kumekwisha.
Ile nyumba sasa ina bati jipya na ua la mianzi.
Mize haulizi. Anakata mkate vipande viwili,
kikubwa ananipa mimi.
Tunakaa juu ya jiwe.
Sikumbuki kama nimewahi kukaa juu ya kilima hiki.
Upepo unapita kwenye migomba, unatafuta kitu, unaacha.
Chai ina mdalasini mwingi.
Tunakaa mpaka inapoa.

Halafu mteremko, mrefu, una kona mbili.
Mize anajiachia, mtandio unapepea, anapiga ukelele
usiomstahiki mama wa watoto sita.
Mimi nabana breki.
Si kwa hofu.
Nimeupata kwa jasho la miaka,
kwa nini niumalize kwa dakika moja?

Chini ananingoja, uso wote meno.
"Kwa mwendo huu, wifi, Wete tutafika leo?"
Natazama mbele: vitatu bado,
na nyuma ya vitatu, vingine ambavyo sikuwahi kuvihesabu.
Namenya shokishoki, namtilia mkononi.
Tusipofika leo tutafika kesho.
Halua haiozi.